Kung'oa mikokoa au kuichanja: njia ipi inafaa shamba lipi?

Ghana imeng'oa mikokoa zaidi ya milioni 200 tangu mwaka 1946 ikipambana na ugonjwa mmoja wa virusi, ule wa kuvimba vitawi, na ugonjwa huo bado upo. Anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza lazima aulize: hivi hakuna njia nyingine? Ipo, na imefanyiwa utafiti kwa zaidi ya nusu karne. Mti ulio na afya unaambukizwa makusudi aina hafifu ya kirusi kilekile, ile isiyouumiza sana, ili aina kali ikija ikute nafasi imeshakaliwa. Wataalamu huiita kinga mtambuka. Wakulima wangeiita chanjo. Brazil iliokoa michungwa yake kwa njia hiyo. Mkulima wa kokoa wa Ghana, hata hivyo, mpaka leo anapelekewa msumeno.

Hapa nazipima njia hizo mbili, na nyingine chache zinazokwenda nazo, kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuamua: mkulima, afisa ugani, au kiongozi wa ushirika. Niseme mapema ninakosimama. Kuuliza njia ipi ni ya kisasa zaidi au ya huruma zaidi kwa mti hakutakufikisha popote. Kinachoamua ni kiasi cha ugonjwa uliokwisha kuingia katika eneo lako, na ninaposema eneo nahesabu mashamba ya majirani pia.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi

Ugonjwa wa kuvimba vitawi ni wa Afrika Magharibi: Ghana, Côte d'Ivoire, Togo, Nigeria na jirani zao. Kokoa ilitoka Amerika Kusini bila ugonjwa huu. Kirusi kilikuwa tayari kwenye miti ya msitu wa Afrika, kikahamia kwa mgeni. Miongoni mwa miti iliyokutwa ikikibeba ni msufi, huohuo tunaojazia mito ya kulalia, na hata mbuyu. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1936 karibu na Koforidua, mashariki mwa Ghana, nchi ambayo wakati huo iliitwa Gold Coast. Mwaka 1940 A. F. Posnette alionyesha kwamba unasababishwa na kirusi.

Majani machanga hutoka yakiwa na wekundu kandokando ya mishipa, kisha yakikomaa hubaki na michirizi ya njano. Vitawi na mizizi huvimba. Matunda huwa madogo, ya mviringo, na mbegu chache ndani. Mavuno yanaweza kushuka kwa robo katika mwaka wa kwanza wa dalili na kwa nusu katika mwaka wa pili. Mikokoa ya aina ya zamani, Amelonado, hufa ndani ya miaka michache.

Anayekisambaza ni kidung'ata, mdudu mdogo mweupe mwenye unga kama pamba. Spishi zisizopungua 14 za vidung'ata zinaweza kukibeba. Watoto wao hutembea kutoka mti hadi mti pale matawi yanapogusana, na wengine hupeperushwa na upepo mpaka mbali. Sisimizi huwalinda kwa sababu ya utamu wanaoutoa, wakiwajengea vibanda vya takataka juu yao, kiasi kwamba dawa ya kupuliza haiwafikii.

Kuna mambo mawili ya kushika kabla ya kuendelea, maana ndiyo yanayoamua kesi yote. La kwanza, mti ulioambukizwa unaweza kukaa miezi mingi, hata kufika miaka miwili, bila kuonyesha chochote. Unapoona mti mmoja mgonjwa, majirani zake kadhaa wameshapata. La pili, kinachoitwa kirusi cha kuvimba vitawi kwa kweli ni kundi la spishi kadhaa zinazofanana dalili lakini zinatofautiana sana kinasaba. Ni jamaa za kirusi cha michirizi ya migomba tunachokijua huku kwetu, na kama ndugu yao huyo, hubadilikabadilika mno kiasi kwamba kipimo cha maabara kilichotengenezwa kwa aina moja kinaweza kuikosa nyingine kabisa.

Kung'oa

Kanuni ya Ghana ni rahisi kuieleza. Pakikutwa miti michache, chini ya 10, inakatwa yote yenye dalili pamoja na kila mkokoa ulio ndani ya mita 5. Ikiwa miti wagonjwa ni kati ya 10 na 100, umbali unakuwa mita 10. Ikizidi 100, mita 15. Hiyo miti ya pembeni inayoonekana mizima inakatwa kwa sababu ya lile jambo la kwanza: huwezi kujua ipi imeshaambukizwa.

Fanya hesabu uone inavyouma. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, duara la mita 5 kuzunguka mti mmoja mgonjwa linachukua miti kama minane hivi. Yaani mkulima anaambiwa atoe miti minane, mingi ikiwa na matunda juu, kwa ajili ya mti mmoja ambao nao bado unazaa kidogo. Mzee mwenye shamba hakatai kwa ujinga. Anakataa kwa sababu anachokiona kwa macho ni mikokoa mizuri.

Serikali ya kikoloni ilipolazimisha ukataji mwaka 1946, chuki iliyozaliwa vijijini ilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyotangulia ghasia za Accra za Februari 1948, na tume iliyoundwa baada ya ghasia hizo, ya Watson, ililazimika kulizungumzia suala la mikokoa. Sijui ugonjwa mwingine wa mmea uliochangia historia ya uhuru wa nchi kwa kiasi hicho.

Kisha kuna ardhi. Wakulima wengi wa kokoa wa Ghana wanalima shamba la mtu kwa mgawo: abusa, ambapo mavuno hugawanywa mafungu matatu, au abunu, mafungu mawili. Katika mikataba mingi ya namna hiyo haki ya mkulima inashikamana na miti. Mikokoa ikiondoka, mwenye ardhi anaweza kusema mkataba umekwisha. Kwa mkulima wa aina hii, msumeno unakata pia nafasi yake ya kubaki kijijini. Ndiyo maana mpango wa ukarabati wa mashamba wa COCOBOD, bodi ya kokoa ya Ghana, ulitoa malipo kwa mkulima na kwa mwenye ardhi pia, ukagharamia kukata, kupanda migomba ya kivuli na mikokoa mipya, na kuitunza miaka miwili kabla ya kurudisha shamba. Bila mambo hayo kung'oa hubaki amri tu, na amri hukwepwa.

Je, kunafanya kazi? Pale ugonjwa ulipo mchache na uliotawanyika, ndiyo. Kikosi kikipita, kikakata haraka na kurudi kukagua tena mpaka uhakika upatikane, vituo vidogo vya ugonjwa huzimwa. Pale ugonjwa ulipojaa, hapana. Ghana yenyewe ilikubali hilo zamani: katika Mkoa wa Mashariki likatengwa eneo la maambukizi makubwa ambamo kuondoa kila mti mgonjwa hakukuwezekana tena, likazungushiwa mpaka wa ulinzi, na nguvu zikaelekezwa nje ya mpaka huo. Miongo mingi baadaye ugonjwa umehamia magharibi, kwenye mikoa inayozaa zaidi. COCOBOD ilisema mwaka 2024 kwamba hekta 590,000 zimeambukizwa, katika nchi yenye takriban hekta milioni 1.38 za kokoa. Côte d'Ivoire, ambako ugonjwa uliibuka upya mwaka 2003 katikati ya nchi, karibu na Bouaflé na Sinfra, nayo mwaka 2018 ilianza mpango wa kung'oa hekta 100,000.

Kasoro kubwa ya kung'oa haiko kwenye msumeno. Iko kwenye kupanda upya. Mkulima akikata hekta yake na kupanda miche mipya huku jirani ameacha mikokoa mgonjwa mita 3 kutoka mpakani, vidung'ata vitarudi, na miche michanga huathirika vibaya kuliko miti mikubwa. Nikisema eneo badala ya shamba, ndicho ninachomaanisha.

Kuchanja

Wazo hili halikuanzia kwenye kokoa. Mwaka 1929 mtafiti McKinney, nchini Marekani, aliona kwamba tumbaku iliyoambukizwa aina moja ya kirusi cha batobato haikupata dalili za aina nyingine ilipoambukizwa baadaye. Siku hizi tunaelewa zaidi kwa nini. Mmea ukishambuliwa hutengeneza vipande vidogo vya RNA (molekuli inayobeba taarifa za kinasaba) vinavyotambua mfuatano wa kirusi hicho na kuzikatakata nakala zake. Kirusi cha pili kikija chenye mfuatano unaofanana sana, kinakuta silaha iko tayari. Kikiwa na mfuatano tofauti, silaha hiyo haikioni. Shika sentensi hiyo ya mwisho.

Kwa kokoa, Posnette na Todd walionyesha huko Tafo, kituo cha utafiti wa kokoa mashariki mwa Ghana, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1955, kwamba aina hafifu zinaweza kuukinga mti dhidi ya aina kali ya 1A, ile ya New Juaben, eneo la Koforidua. Kutoka hapo Taasisi ya Utafiti wa Kokoa ya Ghana ikakusanya aina hafifu nyingi. Mbili zilijitokeza kuwa na matumaini kuliko nyingine: N1 na SS365B. Zikachanjwa kwenye miche, zikapandwa shambani, zikafuatiliwa kwa miaka. Matokeo kwa ujumla ni kwamba kinga ipo, lakini ni pungufu. Miti iliyochanjwa huchelewa kupata dalili kali, na ikizipata mara nyingi huumia kidogo kuliko isiyochanjwa. Hata hivyo kuna miti inayozidiwa, na hapo ndipo njia hii imekwama mpaka sasa: mkulima hawezi kwenda popote akanunua miche iliyochanjwa.

Sasa twende Brazil, maana watu huitaja bila kueleza. Miaka ya 1930 na 1940 kirusi cha tristeza kiliteketeza mamilioni ya michungwa katika Amerika Kusini. Baada ya mashina mama (yale ambayo mchungwa hubebeshwa juu yake) kubadilishwa, ikabaki shida ya aina kali zilizoushambulia mchungwa wa aina ya Pera wenyewe. Watafiti Müller na Costa wakatafuta katika mashamba yaliyoharibika miti michache iliyobaki na nguvu, wakiamini kwamba ina aina hafifu inayoilinda. Waliipata. Wakachukua vikonyo vyake, yaani vijiti vya kubebeshea, na kutoka hapo michungwa iliyokingwa ikaenea mpaka ikazidi milioni 50.

Kwa nini michungwa ikafaulu na kokoa ikasuasua? Nimeona maelezo mengi yanayoanzia kwenye maabara. Mimi ningeanzia kitaluni. Mchungwa wa biashara hubebeshwa. Kila mche unahitaji kikonyo, na kikonyo kikitoka kwenye mti wenye aina hafifu, chanjo inasafiri nacho bure. Mwenye kitalu haongezi kazi hata ya dakika moja. Kokoa ya Afrika Magharibi hupandwa kwa mbegu. Bodi hutoa matunda ya mbegu bora, mkulima anazika mbegu kwenye viriba, miche inaota. Aina hafifu haipiti kwenye mbegu kwa namna ya kutegemewa, kwa hiyo kila mche ungelazimika kuchanjwa peke yake: ama kwa kubebesha kipande cha mti wenye kirusi, ama kwa kuwalisha vidung'ata kwenye mti huo na kuwahamishia kwenye mbegu inayoota. Kupaka utomvu kwenye majani, kama inavyofanyika kwa mimea mingine, hakufanyi kazi vizuri kwa kirusi hiki. Zidisha kazi hiyo mara miche 1,100 ya hekta moja, halafu mara mamia ya maelfu ya hekta.

Kikwazo cha pili ni ule utofauti wa virusi. N1 iliteuliwa dhidi ya aina ya New Juaben. Shamba la magharibi mwa Ghana au la katikati ya Côte d'Ivoire linaweza kuwa na spishi nyingine kabisa, na pengine mbili kwa pamoja. Chanjo inayofaa Tafo si lazima ifae huko.

Kikwazo cha tatu hakizungumzwi sana, nami nakiona kizito kuliko vyote. Mti uliochanjwa ni mti ulioambukizwa. Vidung'ata watakula juu yake na kukipeleka kirusi hafifu kwa jirani ambaye hakukiomba. Kipimo cha maabara kitasema una ugonjwa. Mkaguzi anayefuata kanuni ya mita 5, 10 na 15 atafanya nini mbele ya shamba la namna hiyo? Nchi haiwezi kuendesha katika wilaya moja kikosi kinachokata kila mti wenye kirusi na kingine kinachokisambaza. Ni lazima kwanza ikubali, kwa wilaya hiyo, kwamba vita vya kukitokomeza kirusi vimeshindwa. Wanasiasa hawapendi kutamka maneno hayo, na siwalaumu sana.

Juu ya hayo, hakuna kurudi nyuma. Mti ukishachanjwa hauponywi. Kirusi hafifu kinaweza kubadilika na kuwa kikali baada ya miaka, au kikaungana na kirusi kingine na kuleta madhara ambayo kila kimoja peke yake kisingeyaleta. Brazil walikubali hatari hiyo kwa sababu mchungwa usiokingwa ulikuwa unakufa kwa vyovyote.

Hata karibu na kwetu jambo hili limewahi kupimwa. Wakati batobato kali ilipofagia mihogo ya Uganda, watafiti walijaribu shambani kupanda vipando vyenye aina hafifu ya kirusi. Mihogo hiyo ilionyesha dalili nyepesi kuliko ile ya aina hiyohiyo iliyoanza ikiwa safi na kupata kirusi kikali baadaye. Angalia kwamba muhogo nao, kama mchungwa, hupandwa kwa kipande cha mti, kwa hiyo kirusi hafifu husafiri bure. Hata hivyo serikali na wafadhili walienda na aina stahimilivu, na kwa muhogo, ambao una aina kama hizo, nadhani walichagua vyema.

Kwa anayetaka kuziona njia hizi mbili pamoja:

| | Kung'oa na kupanda upya | Kuchanja kwa aina hafifu |
|---|---|---|
| Inafaa wapi | Ugonjwa mchache, vituo vimetawanyika | Ugonjwa umejaa, hakuna tumaini la kuumaliza |
| Mapato | Yanasimama miaka 3 hivi hata kwa chotara zinazowahi kuzaa | Hayasimami, lakini mti haufikii uwezo wake wote |
| Inategemea nani | Majirani wote kukubali | Maabara kupata aina inayolingana na kirusi cha eneo |
| Kosa likitokea | Unapanda tena | Kirusi kimeshaenea, hakirudishwi |
| Inapatikana leo | Ndiyo, kwa msaada wa serikali | Hapana, iko kwenye majaribio |

Njia za pembeni

Miche stahimilivu ndiyo ningeihesabu mshirika wa kila njia. Mwaka 1944 Posnette alileta Tafo, kutoka Trinidad, mbegu za kokoa ya Amazoni ya juu, na chotara zilizotokana na uzao huo huzaa mapema na kuvumilia kirusi kuliko Amelonado. Kuvumilia, nasisitiza. Hakuna mkokoa unaojulikana usioweza kuambukizwa kabisa. Atakayekuuzia mche kwa kusema haupati ugonjwa, mwache aende zake.

Ukanda wa mazao mengine ni njia ninayoipenda kwa urahisi wake. Kati ya shamba jipya na mikokoa ya zamani unaacha nafasi ya mita 10 na kuipanda zao lisilohifadhi kirusi: michungwa, michikichi, kahawa. Kidung'ata anayetembea hapati daraja la matawi, naye hakai na kirusi mwilini muda mrefu, hivyo akifika ng'ambo amechelewa. Wanaopeperushwa na upepo bado watapita, lakini wachache. Na ukanda huo unauza kitu. Michikichi ikianza kuzaa, mkulima hana sababu ya kuung'oa.

Dawa za kuua vidung'ata sina mengi ya kuzisemea. Ghana ilijaribu miaka ya 1950 dawa za kupenya ndani ya mti. Wadudu walipungua, lakini dawa zenyewe zilikuwa sumu kali mno kuachwa mikononi mwa watu. Nyigu wadogo wanaoshambulia vidung'ata nao waliletwa kutoka nje, hawakustawi. Fedha yako peleka kwingine.

Basi uchague ipi

Ukiwa katika eneo lenye ugonjwa Afrika Magharibi na umeona mti mmoja au miwili, kata, na kata na ile ya pembeni, wiki hiyohiyo. Kusubiri mavuno ya msimu mmoja ili usipoteze hayo matunda kunakugharimu shamba. Ng'oa na kisiki pia, maana machipukizi yanayoota kwenye kisiki hubeba kirusi kilekile. Kagua mzunguko huo tena kila baada ya miezi michache kwa miaka miwili, kwa sababu ya ile miti inayoficha dalili.

Ikiwa nusu ya shamba ni mgonjwa, usianze na panga. Anza na kikao. Wakusanye wale mnaopakana, muone kama mnaweza kukata eneo kubwa kwa pamoja na kulizungushia ukanda mmoja. Kama mnalima kwa mgawo, andikianeni na mwenye ardhi kabla mti wa kwanza haujaanguka, mkitaja wazi kwamba haki ya mkulima inaendelea juu ya mikokoa mipya. Pandeni migomba na mihogo kwanza, vyakula hivyo vitawavusha miaka ya kusubiri. Kama majirani wamekataa katakata, kupanda kokoa mpya katikati yao bila ukanda ni kuwalisha vidung'ata wao. Afadhali sehemu hiyo igeuzwe michikichi.

Ikiwa wilaya nzima imeshaoza, pale ambapo kila shamba lina ugonjwa na serikali imeacha kukata, hapo ndipo kuchanja kunakuwa na hoja. Kama ningekuwa na fedha ya utafiti, ningeipeleka kwenye mambo mawili: kupima ni virusi gani hasa vilivyopo wilaya kwa wilaya, na kujaribu miche iliyobebeshwa kutoka kwenye miti hafifu ya wilaya hiyohiyo, kama Müller na Costa walivyotafuta manusura kwenye mashamba yaliyokufa. Siku kokoa ya Afrika Magharibi itakapokuwa inabebeshwa kwa wingi, hesabu ya kitaluni itabadilika, na pamoja nayo hoja yangu ya kwanza dhidi ya chanjo. Mpaka hapo, mkulima mmojammoja asijaribu mwenyewe. Kukata kipande cha mti unaoonekana mgonjwa kidogo na kukibebesha kwenye miche yako ni kubahatisha na kirusi usichokijua.

Na sisi wa Kyela, Bundibugyo na Beni?

Kwa mikokoa ya Kyela na Mvomero nchini Tanzania, ya Bundibugyo nchini Uganda, au ya Beni na Mambasa nchini Kongo, chanjo ya kirusi hafifu ni chaguo baya kuliko yote. Huwezi kumkinga mtu na moto kwa kumletea kaa la moto nyumbani. Faida yetu ni umbali, na umbali huo unavunjwa na kitu kimoja tu: mtu mwenye nia njema anayesafiri na vijiti vya kubebeshea au miche kwenye begi, kutoka nchi yenye ugonjwa.

Wanaohitaji aina mpya za kokoa wana mlango halali. Tangu mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza kinaendesha karantini ya kimataifa ya kokoa. Kikonyo kinachoingia pale hubebeshwa, kisha hupimwa kwa kuunganishwa na miche ya Amelonado, ile aina inayougua haraka, na kuchunguzwa kwa miaka miwili kabla ya kutolewa. Kwa mkulima miaka miwili inaonekana mingi. Ukikumbuka muda ambao kirusi kinaweza kujificha, utaona haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Baada ya hapo bado kuna kibali cha nchini, cha mamlaka ya afya ya mimea: TPHPA kwa Tanzania, KEPHIS kwa Kenya.

Wala tusidhani virusi vya kokoa ni vya Afrika pekee. Trinidad, kisiwa kilichogawa mbegu za kokoa kwa nusu ya dunia, kina virusi vyake viwili vya jamii hiyohiyo vilivyoonekana tangu miaka ya 1940, na katika miaka ya karibuni kimoja kati ya hivyo, kile cha batobato hafifu ya kokoa, kimekutwa Puerto Rico na Brazil. Jina lake linasema hafifu, na pengine mtu atapendekeza siku moja kwamba kitumike kama chanjo. Ukisikia hivyo, uliza maswali matatu kabla ya kupokea hata mche mmoja: kinafanana kiasi gani na kirusi kilichopo kwetu, nani atafuatilia miti hiyo kwa miaka kumi, na jirani yangu asiyekitaka atalindwaje. Ikiwa kwetu hakuna kirusi cha kufanana nacho, maswali mawili yanayobaki huna haja ya kuyauliza.